Pamba Iliyokunywa Dua

Pamba ile ilikataa kukauka.

Ilikuwa imetandazwa juu ya turubai uani tangu jua lilipochomoza, ikachambuliwa kwa mkono, ikachapwa kwa fimbo mbili kama inavyochapwa pamba yoyote itokayo kwenye godoro kuukuu, na jua la siku hiyo lilikuwa kali kiasi cha kumfanya paka ahame ukuta. Adhuhuri Mama Sindano alipotumbukiza kiganja ndani yake, alikuta unyevu. Haukuwa unyevu wa maji. Ulikuwa vuguvugu na wenye kunata, kama mtu aliyetia kidole ndani ya shavu la mwingine aliyelala. Alikinusa kidole, akajuta.

Watu walimwita Mama Sindano kwa sababu ile sindano ndefu ya kushonea magodoro haikumtoka kwenye kilemba, hata sokoni alikwenda nayo. Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza pana ya kukatia kitambaa, cherehani moja, magunia ya pamba yaliyopanda mpaka dari. Nyuma ya pazia kilikuwa chumba alicholala mumewe. Mume ndiye aliyekuwa mwenye ufundi hasa, na kila mtu aliendelea kumwita Fundi hata sasa ambapo hakuweza kukaa, sembuse kushona. Robota la pamba lilimwangukia mgongoni likishushwa kwenye lori, na tangu hapo miguu yake ikawa mali ya kitanda. Kulala kulimtoboa. Kiunoni alikuwa na kidonda ambacho mkewe alikiosha asubuhi na jioni akiwa amebana pumzi, kidonda chenye kina cha kuficha yai, na ndani yake nyama ilikuwa na rangi ya kijivu ambayo nyama haipaswi kuwa nayo.

"Hiyo pamba ni ya nani?" aliuliza wifi yake kutoka kwenye cherehani. Huyu alikuwa dada yake Fundi, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi vilevile.

"Ya yule mama wa nyumba ya ghorofa, aliyefariki. Wanawe wanataka godoro lijazwe upya. Hii wamesema tutupe."

"Basi tupa. Unajua kaka anavyosema. Pamba ya kitanda cha maiti ni ya moto, haitumiwi tena."

"Najua anavyosema." Mama Sindano aliendelea kuichambua. Ilikuwa laini kuliko pamba yoyote aliyowahi kushika. "Lakini yule mama alikuwa mtu wa dua, wifi. Miaka yote alilala akiomba tu. Wanawe wenyewe wamesema, alichoomba alipewa. Pamba hii imelala chini ya dua zote hizo. Unadhani baraka zake zilikwenda wapi?"

"Kwenye pamba?" Wifi alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Wifi yangu, hata mkojo wake ulikwenda kwenye pamba."

"Usimwambie kaka yako."

Ndivyo kosa lilivyofanyika, na mtu asiwe mwepesi wa kumhukumu. Mwanamke ambaye amemwosha mumewe kidonda kila siku na kila siku kikawa kikubwa zaidi, atashika chochote kilichopitiwa na jina la Mungu, hata kama kinanuka. Jioni ile alimhamishia Fundi kwenye mkeka, akalifumua godoro lake, akalijaza pamba ile yenye unyevu, akalishona vifundo na kumrudisha juu yake.

"Laini," Fundi akasema. Kisha akakunja pua. "Nani hajasukutua humu?"

Alikuwa mtu wa mzaha hata katika mateso. Hakuwa mtu wa kuomba. Kila mkewe alipopiga magoti kando ya kitanda, alimsubiri amalize, kisha akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei: "Kama anajua, unamwambia nini? Na kama ameshaamua, unamgeuza nani?" Mkewe aliinama tena. Aliomba tu.

Aliomba na jioni ile. Alisema kwa sauti ya chini, "Ee Mungu, kifunge kidonda hiki," na alipofika mwisho wa neno la mwisho akasikia, chini ya mumewe, ndani ya godoro, mlio wa mtu anayemeza mate.

"Umemeza?" aliuliza.

"Nimeze nini? Koo langu limekauka."

Asubuhi kidonda kilikuwa kimefunga.

Mama Sindano alikaa kitako sakafuni, akalia, akamwita wifi yake, naye akalia. Baada ya machozi ndipo alipotazama vizuri. Shimo halikuwapo, lakini kilichoziba hakikuwa ngozi. Kilikuwa utando mweupe wenye vinyweleo laini, kama ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika, nao ulikuwa na majimaji. Alipougusa kwa ncha ya kitambaa, ulijikunja kidogo na kujinyoosha, kama mdomo unaojilamba. Harufu iliyomfikia ilikuwa ile ile ya uani, ya kinywa kilichofungwa siku nyingi na kitu kikiozea humo, ikampanda puani mpaka akaionja.

"Kimepona au hakijapona?" Fundi aliuliza, uso ukiwa umezama kwenye mto.

"Kimepona," alijibu, na akaenda kutapika nyuma ya nyumba.

Tangu siku hiyo Fundi alianza kuomba. Mwanzoni alijaribu kwa aibu, kama mtu mzima anayejifunza baiskeli. Akaomba maumivu yamtoke, mlio wa kumeza ukasikika, maumivu yakatoka. Yakatoka na kila hisia nyingine, hata mkewe alipomchoma mgongo kwa sindano kwa bahati mbaya, hakujua. Akaomba inzi wamwache, na wakati huohuo inzi wote wa chumba wakaanguka wakiwa wafu, wakajipanga duara kuzunguka kitanda. Akacheka sana siku ile. Akaomba uji uwe mtamu bila sukari. Akaomba jirani azime redio. Kutwa alikuwa akinong'ona, na kutwa godoro lilikuwa likimeza, glu, glu, kama mtoto kwenye ziwa la mama, na mwili wake ukawa mweupe na laini, na alipozungumza kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe zilizonyooka kati ya midomo yake, akizimeza tena bila kujua.

"Kaka amenenepa," wifi alisema kwa sauti ndogo huku akikata kitambaa.

"Hajanenepa. Mguse."

"Sitaki kumgusa." Mkasi ulisimama. "Lakini amepona, wifi. Tuliomba apone, amepona. Tukianza kuchagua harufu, si tutaonekana hatuna shukrani?"

Mama Sindano alitunga uzi. Alikuwa ameacha kuomba kando ya kitanda kile, bila kumweleza mtu, kwa sababu kila alipoanza alihisi maneno yakivutwa kutoka kinywani mwake kabla hayajaiva, kama uzi unaovutwa na mtu mwingine upande wa pili wa kitambaa.

Siku moja alikuwa kwenye meza ya karakana akishona ukingo wa godoro la mteja, mchana, watu wakipita mlangoni, muuza mkaa akigombana na mtu, yeye akihesabu kimoyomoyo vitu vya kununua, na mara akawa amesimama kando ya kitanda cha mumewe, hajui amefikaje, hajui ameachaje meza wala amepitaje pazia, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado unasukuma sindano, unasukuma kwa utulivu wa kazi, nayo sindano ilikuwa imeingia kwenye dole gumba la mkono wa kushoto na kutokea upande wa pili, na uzi ulikuwa ukipita ndani ya nyama yake, mwekundu, taratibu, bila kukwama.

Fundi alikuwa akimtazama kwa furaha.

"Umekuja," alisema.

"Nimekujaje?"

"Nilitaka maji. Nimeomba uje."

"Ungeniita, baba. Nipo hapo tu."

"Nikikuita unasema subiri." Ulimi wake ulizikusanya nyuzi pembeni mwa mdomo. "Nikiomba, unakuja."

Mama Sindano aliuvuta uzi kutoka kwenye dole lake. Alimpa maji, kwa sababu alikuwa na kiu. Kisha akafunga dole kwa kitambaa na kutoka nje bila viatu, na njia nzima jambo moja lilimzunguka kichwani: Mungu, ambaye amemwomba maisha yake yote na ambaye anaweza kila kitu, hajawahi kumnyanyua kitini kwa nguvu. Hata siku moja. Alikuwa amemlaumu kwa hilo.

Alikwenda kwa Mzee Kikohozi, mganga aliyekaa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Kikohozi chake kilimfungulia mlango kabla yeye hajafika. Alimsikiliza mpaka mwisho, akalitazama dole.

"Nyumba ya ghorofa nilifika," alisema. "Yule mama alinifukuza. Alisema kwa nini amwache anayemjibu. Hakuna mtu niliyewahi kumtoa jini akiwa anamtaka, binti yangu. Alipokufa walimfungua kinywa wamwoshe, wakakikuta kimejaa pamba mpaka kooni. Mbichi."

Mama Sindano alifunga tena kitambaa cha dole.

"Ni jini gani?"

"Wa kula maombi. Hana uwezo wa kuingia mahali asipoombwa, na akiombwa hana uwezo wa kukataa. Kila ukisema nipe, anakupa, na anakula kile kilichokuwa kinasema ndani yako."

"Na Mungu? Anaweza kumtoa sasa hivi akitaka."

"Anaweza."

"Mbona hamtoi?"

Mzee alikohoa kwa muda mrefu. "Anaweza pia kumfunga mumeo mdomo, na kukufunga wewe miguu usitoke nyumbani. Yule wa kwenye godoro ameshaanza kazi hiyo. Mungu akianza nayo, sisi tutakuwa nini? Magodoro." Alijifuta midomo. "Lakini ukiniuliza kwa nini robota lilimwangukia yeye na si jirani, hapo sijui. Mtu akikueleza hilo bila kukohoa, mkimbie."

"Basi niombe kwa nini? Mume wangu aliniuliza hivyo miaka yote. Kama anajua, namwambia nini?"

"Una mtoto?"

"Sina."

"Umewahi kuona mtoto akianguka, nawe unamwona, kisha anakukimbilia kukueleza ameanguka?"

"Nimeona."

"Unamwambia nyamaza, nilishaona?"

Mama Sindano alitikisa kichwa kukataa.

"Hakuletei habari," alisema mzee. "Anakuja. Mimi nimeishia hapo, na wenye elimu zaidi wanaweza kuongeza. Yule wa kitandani hajali kama unakuja. Anataka maneno." Akainuka kwa shida. "Mumeo lazima akubali mwenyewe. Na jini akitolewa, alichoondolewa mumeo kinarudi. Kidonda, maumivu, vyote. Pengine asiishi. Ulijue hilo kabla sijavaa viatu."

Alilijua. Lilikuwa limemkaa kifuani tangu alipotoka nyumbani.

Fundi aliwasikiliza wote watatu, mzee, mke na dada, huku jicho lake likitembea kutoka uso hadi uso. Chumba kilinuka kiasi kwamba mzee alikuwa ameegemea dirisha.

"Hapana," alisema. "Nilipoangukiwa na robota niliomba. Hamkujua. Niliomba kimoyomoyo kama mtu anayezama, na hakuna aliyekuja. Huyu amekuja. Mnataka nirudi kwenye kuoza ili mpate hewa safi?"

"Kaka ana haki," wifi alinong'ona. "Ni mwili wake."

"Ni mwili wake," mzee alikubali.

Mama Sindano alisogea karibu mpaka akawa anapumua ile pumzi iliyotoka chini ya mumewe. Alifungua kitambaa cha dole lake, akaliweka mbele ya macho ya mumewe: matundu mawili yenye weusi, na kati yake uvimbe.

"Basi niombee," alisema polepole. "Mimi sitaki ubaki humo. Mwombe anifanye nitake. Atakupa. Nitatabasamu. Sitasikia harufu tena. Nitakuletea maji kabla hujaona kiu, siku zote, na sitakwambia subiri."

Godoro lilikaa kimya. Ulikuwa ukimya wa mnyama aliyenusa chakula. Kitambaa cha juu kilijaa na kunywea, kikajaa na kunywea.

Midomo ya Fundi ilifunguka, nyuzi zikanyooka kati yake. Neno lilikuwa limeshafika pale. Mkewe aliliona kooni. Fundi alimtazama mkewe, akatazama dole, akatazama tena uso wa mwanamke ambaye miaka yote alimjibu subiri, naja. Akafumba mdomo. Akatafuna zile nyuzi na kuzitema.

"Nitoeni," alisema.

Mzee aliweka sharti moja: asiombe mtu chochote. Wasimwombe Mungu, wala wasiombeane wao kwa wao.

"Hata kusema ee Mungu nisaidie?" wifi aliuliza.

"Hasa hilo. Mungu anakusikia ukiwa kimya. Huyu hawezi. Hiyo ndiyo nafasi pekee tuliyo nayo."

Walimwinua. Mzee alishika mabega, wanawake kiuno na miguu, na mwanzoni hakuinuka, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umeota ndani ya godoro, nyuzi nyeupe mamia kwa mamia zikitoka kwenye nyama na kuzama kwenye kitambaa kama mizizi ya mche uliokaa sana kwenye kopo, na walipovuta zilitoka moja moja kwa mlio wa nyayo zinazong'oka matopeni, na kila uzi ulikuwa na mwisho mnene wa waridi uliofunguka na kujifumba, vinywa vidogo visivyo na meno, vinanyonya hewa, vinanyonya mikono yao, na pale palipofungwa na utando palifumuka na shimo la zamani likarudi kubwa zaidi, likimwaga maji ya kijivu yaliyokaa humo yakichacha, juu ya mikono ya mkewe mpaka viwikoni, na Fundi, ambaye hisia zake zilikuwa zimerudi zote kwa pamoja, alilia kwa sauti isiyo na neno ndani yake, aking'ata mkono wake mwenyewe ili isipate neno, na wifi alitapika pale pale aliposimama bila kumwachia kaka yake mguu, na mwanamke aliyeomba maisha yake yote alishikilia ulimi kwa meno, maana neno Mungu wangu lilikuwa linasukuma nyuma ya midomo yake kama mtoto anayetaka kuzaliwa.

Ndipo godoro lilipoanza kuomba lenyewe.

"Naomba," lilisema kwa sauti ya bibi kikongwe. "Wanangu, naomba mniombe." Kisha kwa sauti ya Fundi ya enzi zile alipoweza kubeba magunia mawili, "Mama Sindano, sema tu neno moja, nitembee." Kisha, na hili ndilo lililomtia kinyaa kuliko maji yaliyokuwa mikononi mwake, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya magotini, yenye kutetemeka mahali palepale alipozoea kutetemeka: "Nakusihi. Usininyime. Nifanye nini tena ili unisikie?"

Aliisikiliza sauti ile yote. Hakuna aliyemshika mdomo. Angeweza kusema.

Walimlaza Fundi kwenye mkeka, wakaliburura godoro mpaka uani, na humo uani, chini ya jua, huku wakiwa wamelizunguka bila kusema, likakauka. Lilijikunja, likatoa mlio kama mtu anayekwangua chungu kitupu, na moto ulipowekwa liliwaka haraka kama pamba yoyote. Moshi ulinuka nywele. Mzee alikataa chai, akaondoka na kikohozi chake, na kwa muda mrefu walikisikia kikishuka barabarani.

Fundi hakufa siku ile. Wala hakupata nafuu. Alilala kifudifudi kwenye mkeka, homa ikipanda na kushuka, na mkewe akarudi kwenye kazi yake ya beseni, maji ya chumvi na vitambaa. Kidonda kilikuwa kibaya kuliko zamani. Kulikuwa na vitu ndani yake alivyolazimika kuvitoa kwa vidole. Kinyaa kilimpanda kila mara, akageuza uso, akameza, akaurudisha uso.

"Unaomba?" Fundi aliuliza jioni moja.

"Naogopa kuomba. Naosha tu."

Fundi alijiinua kidogo kwa viwiko. Kisha akaanza kuzungumza, lakini hakuwa akizungumza na mkewe.

"Inauma," alisema. "Inauma kuanzia hapa kiunoni mpaka shingoni. Leo ni zaidi ya jana. Ninanuka, na mke wangu ananiosha, na najua anataka kutapika. Unajua yote haya. Nakwambia tu."

Hakuomba kitu. Aliishia hapo, akalaza shavu mkekani, akasubiri.

Mama Sindano alisimamisha mkono. Alitega sikio chini ya mkeka, kwenye kuta, nyuma ya pazia, kwenye magunia ya karakana yaliyopanda mpaka dari. Hakukuwa na mlio wa kumeza. Hakukuwa na mlio wowote. Alijaribu kujua kama ulikuwa ukimya wa anayesikiliza au ukimya wa chumba kisicho na mtu, na hakuweza kutofautisha, na akatambua kwamba hakuna atakayemlazimisha kuchagua.

"Endelea," alimwambia mumewe, akakamua kitambaa, akaendelea kuosha.